Reli ya Vidato Tisa

Machi 1, Jumamosi

Bibi ameteleza kwenye kidato cha pili cha ngazi, kutoka juu. Mama alikuwa nyuma yake, akamdaka kwapani, wakakaa wote wawili kwenye maji kama watoto. Hakuna aliyevunjika. Bibi alicheka kwanza. Mama hakucheka kabisa.

Vidato ni tisa, viko nje, uani, vimeshikana na ukuta upande mmoja. Upande wa pili ni hewa tupu. Babu alivijenga kwa mikono yake kabla sijazaliwa, na hakuwahi kuweka kitu cha kushika. Chumba cha Bibi kiko juu. Bomba la maji, jiko, benchi, mlango wa kutokea barabarani, na watu, vyote viko chini.

Machi 2

Mvua. Bibi hajashuka.

Machi 3

Mvua. Bibi hajashuka. Barua ya kazi haijaja. Nina shahada ya hisabati, na leo kazi yangu ilikuwa kuhamisha ndoo chini ya paa linalovuja.

Machi 5, Jumatano

Mvua ilinikuta naanua nguo, nikajikinga upenuni, nikamsikia Mama kwenye simu. "Shemeji, njoo umchukue. Hapa kwangu hapamfai tena." Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza vifungo.

Shemeji huyo ni Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, ambaye tangu baba yangu afariki ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo. Anakaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima, katika nyumba isiyo na ngazi. Atakuja Jumamosi ya mwisho ya Aprili, mvua zikipungua.

Nilimtazama Mama kupitia dirisha la chumba anachoshonea. Alikuwa amerudi kwenye cherehani, mguu unakwenda, uso hauna kitu. Sijui nimuite nini mtu anayeweza kumwondoa mama mkwe wake na kisha kupinda pindo lililonyooka.

Nilipanda kumwambia Bibi. Alikuwa anajua tayari.

"Kwake kila kitu kiko chini," alisema. "Hata mazungumzo. Saa mbili wameshasinzia."

"Unataka kwenda?"

"Mke mwenzangu," alisema (ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, eti nilikuja kumnyang'anya Babu), "mimi nataka kufia kwenye kelele za mtaa huu. Lakini sitaki kuwaua ninyi kwa wasiwasi."

Nilishuka nikivihesabu vidato, kana kwamba hesabu yao ingebadilika.

Machi 6

Nimekwenda kwa Fundi Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. Hana shati lisilo na vitundu vya moto, ndiyo maana anaitwa hivyo. Nilimwomba reli ya ngazi.

"Binti yangu, upepo umeezua nusu ya mtaa. Foleni yangu inafika mwezi wa sita. Na umeme wenyewe unakuja kama mgeni, unakaa dakika kumi, unaaga."

"Bibi anaondolewa mwezi wa nne."

Akaweka nyundo chini. "Yule bibi anayenitukana kila asubuhi akipita? Aende wapi?"

Nilimweleza. Akakuna kidevu kwa ncha ya patasi, jambo ambalo sikulipenda kulitazama.

"Kuchomelea ni nusu saa," alisema mwishowe. "Kinachokula siku ni kupima na kukata. Kata mwenyewe, mimi nitachomelea. Lakini nisikilize. Bomba hili ni jembamba. Viungo vikiwa na mwanya, moto unatoboa. Halafu fundi mjanja anajaza uji wa chuma juu, anapaka rangi, kinang'aa. Siku bibi anaegemea, kinaachia. Kwa hiyo nikipitisha kucha yangu kwenye kiungo chako, sichomelei. Hata ulie."

"Silii."

"Wasomi hulia kimoyomoyo."

Amenipa bomba la pembe nne, mita sita, upana wa sentimita nne, lililobaki kwa mteja aliyeghairi mlango. Nguzo atakata yeye, maana hizo, anasema, hata akiwa usingizini anaweza. Kwangu kuna kipande kirefu cha mteremko, mita tatu. Kifupi kilicholala juu, kwenye kibaraza cha mbele ya mlango wa Bibi. Na kifupi kilicholala chini, pale mguu unapotua. Viungo viwili tu. Kinachobaki ni cha kujifunzia. Kipande cha mteremko hakina cha akiba.

Stoo nimekuta vitu vya baba: jiliwa, ile taya ya chuma inayong'ata kitu kisicheze, msumeno wa chuma, tupa mbili za kukwaruzia chuma, moja kali na moja laini. Jiliwa lilikuwa limeshika kutu. Nililitia mafuta, nikalizungusha mpaka likakubali.

Machi 9, Jumapili

Nimepima kidato: kimo sentimita kumi na nane, kina ishirini na saba. Mteremko ni nyuzi thelathini na tatu na pointi saba. Sheria ya kiungo ni ya haki: vipande viwili vinavyokutana vigawane kona nusu kwa nusu. Ukimpa mmoja kona yote na mwenzake ukamwacha butu, nyuso zao hazilingani, mmoja unabaki umetoa mdomo. Kwa hiyo kila ncha ikatwe nyuzi kumi na sita na pointi nane tano kutoka kwenye mstari ulionyooka.

Niliandika namba hiyo ukutani kwa chaki. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni, namba imenifaa kitu.

Bibi hajashuka.

Machi 12

Mkato wa kwanza. Nilichora mstari upande wa juu, nikakata nikiutazama kama mwewe. Juu, mkato ulikuwa kama nilivyouchora. Chini, ambako sikuwa naona, msumeno ulikuwa umekwenda zake.

Nilimpelekea Fundi vipande viwili. Hakujisumbua kutumia kucha. Alipitisha ufunguo wa stoo yake.

"Hapa panya anapita na mizigo," alisema.

Machi 13

Mvua. Nimekata viwili. Panya bado anapita.

Machi 14

Mkato mmoja. Nimevunja wembe wa msumeno.

Machi 17, Jumatatu

Nayaandika niliyojifunza, maana mkono unasahau haraka kuliko kichwa. Mstari uchorwe pande zote nne za bomba, na usichorwe kwa chaki. Chaki ni nene kuliko kosa lenyewe. Nachora kwa msumari ulionolewa. Naanza kwenye ukingo, nakata kidogo, nageuza bomba, nakata kidogo upande wa pili, mpaka pande zote zina mfereji wa kuuongoza msumeno. Msumeno unakata ukienda tu; ukirudi, usiukandamize. Na sikati juu ya mstari. Nakata nje yake, nauacha mstari kwa ajili ya tupa.

Jambo hili la mwisho limenigusa zaidi ya inavyostahili. Mimi nimezoea kufika kwenye jibu moja kwa moja. Hapa unasimama kabla ya jibu, kisha unalisogelea kwa kukwaruza.

Machi 20

Bibi anaisikiliza kazi yangu kutoka juu. Nilipompelekea chai alisema, "Leo msumeno unaimba. Jana ulikuwa unakohoa." Ni kweli. Jana wembe ulikuwa umelegea.

Machi 22

Mvua usiku na mchana. Nimemkuta Mama ameketi kwenye kidato cha chini, sahani ya Bibi tupu mapajani, anatazama ukuta. Nilimpita bila kusema neno. Nilitaka ajue kwamba nimenyamaza.

Machi 25

Mvua. Mikato miwili. Bibi hajashuka.

Machi 29, Jumamosi

Fundi alichukua vipande vyangu, akavikutanisha, akavielekeza kwenye mwanga. Akajaribu kucha ya kidole gumba. Akajaribu ya kidole kidogo. Akavigeuza, akajaribu tena upande wa chini, kwenye siri yangu ya zamani.

"Kucha zangu nimezikata jana," alisema akinirudishia. Kisha akaendelea na kazi yake. Nimetembea nyumbani kwenye matope kama mtu aliyepewa nishani.

Aprili 3

Nimekata bomba lenyewe. Ncha nne, siku tatu. Mkono wa kulia hauwezi kushika kalamu vizuri, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Aprili 6, Jumapili

Ni lazima niandike yote, hata kama naona aibu.

Mvua ilipumzika asubuhi. Fundi Cheche alikuja na vibanio, tukaviunga vipande kwa muda ili tuijaribu reli kwenye ngazi kabla ya moto. Bibi aliketi kwenye kibaraza chake, amevaa shali nzuri, kama anayengoja harusi. Mama aliacha cherehani akaja kushika katikati. Sikumwomba.

Kiungo cha juu kilifunga kama mdomo wa mtu mwenye siri. Fundi akapiga mluzi. Kisha nikatazama chini. Ncha ya chini ya mteremko ilikuwa inaning'inia hewani, kiganja kizima juu ya alama ilipopaswa kutua.

"Shusha," nilisema.

"Nishushe nini?" alisema Fundi. "Nikishusha huku, kiungo kinafunguka kule juu. Chuma hiki kimekataa, binti yangu. Ulikipigia hesabu ya ngazi nyingine."

Nilisema hesabu ilikuwa sahihi. Nilisema mara mbili. Nikaitaja namba, pamoja na pointi zake. Bibi huko juu alisema, "Maskini, amesoma mpaka pointi."

Mama ndiye aliyeuliza, akiwa bado ameshika chuma. "Ulipima vidato vingapi?"

"Kimoja."

"Kipi?"

"Cha chini."

"Kwa nini cha chini?"

"Kilikuwa chini ya upenu wa jiko. Mvua ilikuwa inanyesha."

Halafu Mama, ambaye sijamsikia akitania tangu mwaka jana, alisema, "Mwanangu, mimi simshonei mtu suruali kwa kumpima kidole gumba."

Fundi Cheche alicheka mpaka akakaa. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisimama kwenye vidato nikiwachukia wote watatu, muda wa pumzi kumi hivi.

"Babu yako alikuwa anajenga kidato kimoja kila Jumapili," Mama aliendelea, taratibu. "Jumapili nyingine saruji ilikuwa nyingi, nyingine haba. Vya juu ni virefu. Goti langu linavijua vyote tisa. Nampandishia bibi yako chakula mara tatu kwa siku." Akainua mkono kunionyesha kidato cha saba, na mkono ukaishia usawa wa bega. Akakunja uso, akaushusha haraka.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Ana bega," alisema Bibi kutoka juu. "Tangu siku ile aliponidaka. Anafikiri mimi kipofu."

Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi dukani. Tulibaki sisi watatu na chuma.

"Kwa hiyo ulimpigia Baba Mkubwa," nilisema.

"Nilimdaka mara moja," alisema Mama. "Ya pili mkono huu haudaki. Ulitaka nifanye nini? Ningoje nimuokote?"

Kwa mwezi mzima nimemhesabia Mama makosa, na nilikuwa nimempima kwa neno moja la simu, lililosikika nikiwa nimejikinga mvua. Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Nipe chuma, nishike mimi." Akanipa.

Aprili 7

Nimepima vidato vyote tisa. Cha chini kumi na nane. Cha juu ishirini na moja kasoro. Hakuna viwili vilivyo ndugu.

Aprili 8, Jumanne

Leo hatukutumia namba. Mama alileta uzi wa kushonea viatu, tukaukaza kwenye pua za vidato, zile kingo za mbele, kutoka cha juu mpaka cha chini. Fundi alinipa vipande viwili vya chuma bapa vilivyofungwa kwa skrubu moja, vinafunguka na kufunga kama mkasi. Kimoja nikakilaza sakafuni mwa kibaraza, cha pili nikakifuatisha uzi, nikakaza skrubu. Hiyo ndiyo kona ya ngazi yetu, haina jina, imeshikika mkononi.

Nikaichora kwenye karatasi ya ruwaza. Nilikuwa natafuta kipimapembe ili niigawe, Mama akaichukua karatasi, akaukunja mstari juu ya mstari, akapitisha ukucha kwenye mkunjo.

"Hiyo nusu yako," alisema. "Sisi tunafanya hivi kwenye kona za kola."

Niliupima mkunjo wake, kwa ukaidi tu. Nyuzi kumi na nane kasoro kidogo. Tofauti na mkato wangu ni uzi mmoja wa pembe. Kwenye upana wa bomba, uzi mmoja haufiki hata milimita. Nyongeza hiyo ndogo, kwenye kila ncha, inakuwa kiganja kizima kule chini.

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ninachohitaji kuondoa kinaondoka kwa tupa.

Aprili 9

Tupa. Mvua nyepesi.

Aprili 10

Tupa. Mama anashona mlango wazi, kwa hiyo nasikia cherehani yake naye anasikia tupa yangu. Tukisimama wote kwa pamoja, tunacheka.

Aprili 11

Tupa. Nimepanda na chakula cha Bibi, mara tatu. Goti linavijua sasa.

Aprili 14, Jumatatu

Tumeijaribu tena. Ncha ya chini ilitua kwenye alama, ikakaa. Fundi alipitisha kucha kwenye kiungo cha juu, kisha cha chini, pande zote nne, taratibu kama mtu anayesoma kwa vidole. Akasema, "Haya. Nipeni umeme tu."

Aprili 15

Hakuna umeme.

Aprili 17

Hakuna umeme. Baba Mkubwa amepiga simu: ameshachukua ruhusa kazini.

Aprili 19, Jumamosi

Umeme ulikuja dakika nane. Fundi alikuwa anavaa miwani ulipokatika. Bibi alimpa maneno kutoka kibarazani ambayo sitayaandika. Fundi aliinama kama aliyepokea maua.

Aprili 21

Hakuna.

Aprili 23

Hakuna. Nimeanza kuota cheche.

Aprili 24, Alhamisi

Umeme ulirudi saa nane mchana, ukakaa. Fundi alivuka barabara akikimbia, waya begani, akamwacha mteja na nusu ya dirisha. Alichomelea viungo, akachomelea nguzo kwenye vibati vilivyokazwa kwa boliti. Nilitazama ukutani, si motoni, nikaona vivuli vyetu vikiruka. Kisha akasugua viungo mpaka vikawa laini, akanishikisha. Chuma kilikuwa bado na joto.

"Hakikutoboka hata mahali pamoja," alisema. "Umenikosesha kazi ya kulalamika."

Aprili 25

Rangi. Mvua imetuachia siku nzima.

Aprili 26, Jumamosi

Baba Mkubwa alifika saa nne asubuhi, baada ya kulala njiani, na mwavuli na begi tupu la kuwekea vitu vya Bibi. Kabla hata ya salamu kukamilika alikuwa amekamata reli kwa mikono miwili, akaitikisa kama anayemtikisa mwizi. Haikujibu.

"Fundi gani huyu?"

"Fundi Cheche amechomelea," nilisema. "Mimi nimekata."

Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. "Wewe? Si ulisomea hesabu?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Ikanichelewesha kidogo."

Alipanda kumwamkia mama yake, akashuka, tukakaa chumba cha cherehani. Mama alisema aliyokusudia: kwamba yeye ndiye aliyemwita, na yeye ndiye anayemwomba amwache. Baba Mkubwa alisikiliza, begi tupu magotini.

"Reli ni nzuri, shemeji. Sibishani na reli. Lakini mama ana miaka themanini na moja. Baba wa huyu nilimzika mimi, mdogo wangu. Sitaki kupigiwa simu nyingine." Sauti yake ilipinda hapo, akaikohoa ikanyooka. Nilikuwa nimemchukulia siku zote kama mtu wa kutoa amri. Sikuwahi kufikiri kwamba anaogopa simu. "Siku akiteleza, ninyi hampo, nani atamshika? Chuma? Nani alimwona akishuka hata mara moja?"

Hakuna aliyekuwa amemwona. Hilo lilikuwa kweli. Tangu jana tulikuwa tunasubiri rangi ikauke.

Mlango wa uani ukafunguka.

"Nimekaa juu nangoja kuitwa," alisema Bibi, matone ya mvua kwenye shali. "Nikaona mmenisahau. Chai ya mgeni iko wapi?"

Baba Mkubwa alisimama, begi likaanguka. "Mama! Umeshukaje?"

"Kwa miguu. Kwani wewe ulishukaje?"

Baba Mkubwa alimwomba arudi juu ili amwone akishuka. Bibi alipanda, mkono mmoja kwenye reli, Baba Mkubwa nyuma yake ametandaza mikono kama anayefukuza kuku.

"Niondolee mikono mgongoni. Unanitekenya."

Alifika juu, akageuka, akashuka tena. Kwenye vile vidato virefu alisimama kidogo, akakaza vidole, akaendelea. Chini akasema sasa miguu imechoka na hapandi tena mpaka anywe chai, akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Baba Mkubwa alibaki juu peke yake, mvua nyembamba inamnyeshea. Akafumba macho. Akaweka mkono kwenye reli, akaanza kushuka, kidato kwa kidato, mtu mzima mwenye koti zuri. Mkono wake ulipita kona ya juu, ukateremka, ukapita kona ya chini, mguu ukatua sakafuni. Akafumbua macho, akageuka kutazama alikotoka.

"Viungo viko wapi?" aliniuliza.

Nilishika mkono wake, nikauweka juu ya kile cha chini. Akakitafuta kwa kucha, muda mrefu, kisha akakiacha.

"Mwambie mama yako," alisema, "kesho anifungie chakula cha njiani cha mtu mmoja."